Kura Haichezi Mpira

1. Habari zafika sokoni

Nyangwe ni mji wa zamani. Uko ukingoni mwa mto Lualaba, katika nchi ya Kasongo, Maniema. Zamani misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita milima na misitu mpaka ikafika hapo. Kwa njia ile ile lugha ya Kiswahili ilifika Maniema. Daktari Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alistaajabu kuona soko kubwa namna ile, wanawake wengi wakija kwa mitumbwi na vikapu vyao. Hata leo mtu akitaka samaki huenda ukingoni. Akitaka habari huenda huko huko.

Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 2023, maneno yalikuwa mengi kuliko samaki. Jana yake, huko Abidjan, nchi ya Côte d'Ivoire, wakubwa wa mpira wa Afrika walikuwa wamepiga kura ya makundi. Nchi 24 zilikuwa zimepata nafasi ya kushindania Kombe la Afrika, na mashindano yenyewe yangeanza mwezi wa Januari 2024. Sasa kila nchi ilijua itacheza na nani kwanza.

Mama mmoja mwuza samaki alimwona mwalimu wa shule akipita. Akamwita:

«Mwalimu, karibu. Hawa vijana wananipigia kelele tangu alfajiri. Sisi Kongo tumewekwa pamoja na nani?»

Mwalimu akajibu: «Mama, tuko katika kundi la sita. Tuko pamoja na Moroko, Zambia na Tanzania.»

Kijana mmoja mvuvi akaruka juu kwa furaha. «Vizuri sana! Zambia na Tanzania ni jirani zetu. Tunawajua. Tutawafunga wote wawili.»

Mchuuzi mmoja, apitishaye mafuta ya mawese na chumvi kwa baiskeli, akacheka. «Wewe unasahau. Zambia walichukua kombe hili mwaka 2012. Na Moroko walikuwa wa nne katika dunia nzima mwaka 2022.»

«Na sisi tulichukua mwaka 1968, tena mwaka 1974!» akasema kijana.

Basi, ubishi ukawaka kama moto wa nyasi kavu.

2. Vyungu vinne

Mama akauliza: «Lakini mwalimu, kura hii hupigwaje? Nani aliyependa tucheze na jirani zetu?»

«Hakuna aliyependa, mama. Niazime vikapu vyako vinne.»

Mwalimu akapanga vikapu vinne chini ya mwembe. Akaokota vijiwe 24, akatia sita katika kila kikapu. Kisha akasema:

«Tazameni. Hivi vikapu ni vyungu. Katika chungu cha kwanza wakubwa waliweka Côte d'Ivoire, kwa sababu wao ndio wenye nyumba, pamoja na nchi tano zilizohesabiwa kuwa na nguvu kupita nyingine: Moroko, Senegal, Tunisia, Algeria na Misri. Katika chungu cha pili waliweka nchi sita zinazofuata. Kongo ilikuwa humo. Zambia ilikuwa katika chungu cha tatu. Tanzania ilikuwa katika chungu cha nne.»

«Kwa nini wasichanganye wote pamoja?» akauliza mchuuzi.

«Wakichanganya wote, huenda wenye nguvu wanne wakaingia kundi moja, na wanyonge wanne wakaingia kundi jingine. Hiyo si haki. Basi kila kundi hupewa nchi moja kutoka kila chungu. Mtu hutia mkono bila kuchagua, akatoa kijipira, akakifungua, akasoma jina lililomo. Kwa namna hii yalipatikana makundi sita, kila kundi nchi nne.»

Mwalimu akawaita watoto waliosimama karibu. «Haya, nyinyi mnajua hesabu. Kongo ni ya chungu cha pili. Kutoka chungu cha kwanza ingeweza kupata nchi ngapi?»

«Sita!» wakajibu.

«Na kutoka chungu cha tatu?»

«Sita!»

«Na cha nne?»

«Sita!»

«Basi zidisheni. Sita mara sita ni 36. Thelathini na sita mara sita ni 216. Kongo ingeweza kuangukia makundi ya namna 216 mbalimbali. Hili tulilopata ni moja tu. Aliyesema kabla ya kura kwamba tutapata Moroko, Zambia na Tanzania, alikuwa na njia moja ya kusema kweli, na njia 215 za kukosa.»

Mama mwuza samaki akatikisa kichwa. «Na vijana hawa walibishana wiki nzima kabla ya kura!»

«Wabishane tu, mama. Ubishi wa mpira ni mtamu. Ila wakumbuke jambo moja. Chungu hutuambia habari za jana, yaani nani alishinda katika michezo iliyopita. Habari za kesho chungu hakizijui.»

3. Mzee akumbuka mwaka 1974

Karibu na hapo alikaa mzee mmoja, akitengeneza wavu. Mikono yake ilikuwa na kazi, lakini masikio yake yalikuwa wazi. Akasema:

«Mwalimu amesema kweli. Mwaka 1974 nchi yetu iliitwa Zaïre. Chui wetu walikuwa wa kwanza katika Afrika yote iliyo kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Kura ilipigwa Ujerumani, mwezi wa Januari. Aliyetia mkono ndani ya chungu alikuwa mtoto wa miaka 11, mwimbaji wa kwaya.»

Watoto wakatazamana. Mtoto kama wao!

«Mkono wa mtoto yule ulituweka pamoja na Brazili, Yugoslavia na Skotlandi. Hapa Nyangwe sisi tulilia jina moja tu: Brazili, Brazili, Brazili! Ndio waliochukua kombe mwaka 1970. Usiku tuliota Brazili. Hakuna mtu hapa aliyeogopa Yugoslavia.»

«Ikawaje, babu?» akauliza kijana mvuvi.

«Skotlandi walitufunga mabao mawili kwa sifuri. Brazili, wale tuliowaogopa, walitufunga matatu. Yugoslavia, wale tuliowasahau, walitufunga tisa.»

Watu wakanyamaza kidogo.

Mzee akaendelea: «Na mwaka ule ule, mwezi wa Machi, Chui wale wale walikuwa wamechukua Kombe la Afrika huko Misri. Mchezo wa mwisho na Zambia ulikuwa mbili kwa mbili. Ukarudiwa, tukashinda mbili kwa sifuri. Ndaye Mulamba peke yake alifunga mabao tisa katika mashindano yale. Basi mjukuu wangu, watu ni wale wale, mwaka ni ule ule. Mwezi wa tatu wafalme, mwezi wa sita wanyonge. Nani angeweza kukisia?»

4. Dau la kwanza

Kijana mvuvi alisikia, lakini hakusikiliza. Alikuwa na wavu mpya. Alikuwa ameuza samaki wakavu miezi mingi ili aununue. Wavu ule ulilisha nyumba nzima: mama yake, yeye mwenyewe, na dada yake mdogo wa darasa la sita. Fedha ya samaki ndiyo iliyonunua madaftari yake.

Siku zilipokaribia, kijana akamwambia mchuuzi mbele za watu:

«Zambia wametoka chungu cha tatu. Sisi tumetoka chungu cha pili. Basi sisi ni wakubwa wao. Naweka wavu wangu. Zambia wakishinda, utwae wavu. Kongo wakishinda, nitatwaa mbuzi wako.»

Mchuuzi akakubali. Mzee akamwonya kijana: «Mjukuu wangu, maneno ya mpira ni upepo. Wavu si upepo. Unashika samaki.»

Kijana akacheka tu. Wavu na mbuzi vikawekwa kwa mzee.

Jumatano, tarehe 17 Januari 2024, saa nne ya usiku, watu wakasongamana mbele ya televisheni ya mwenye duka. Mchezo ulichezwa San-Pédro. Zambia wakatangulia kufunga. Dakika chache baadaye Yoane Wissa akasawazisha. Mpaka kipenga cha mwisho ilikuwa moja kwa moja.

Ndipo fitina ikaanza. Kijana alidai mbuzi, kwa sababu Kongo hawakushindwa. Mchuuzi alidai wavu, kwa sababu Kongo hawakushinda. Walikaribia kushikana mashati. Mzee akasimama kati yao.

«Mlitaja kushinda, mkataja kushindwa. Sare hamkuitaja. Mpira una milango mitatu, nyinyi mlitazama miwili. Kila mtu achukue chake, aende kulala.»

Wakachukua. Siku ile hasara haikumpata mtu. Lakini kijana hakushika fundisho.

5. Dau la pili

Jumapili, tarehe 21, Kongo walicheza na Moroko. Watu wengi walisema, «Leo tumekwisha.» Achraf Hakimi akafunga mapema sana. Baadaye Kongo wakapata penalti, wakaikosa. Wengine wakaondoka mbele ya televisheni kwa huzuni. Kumbe, katika dakika ya 76, Silas akafunga. Moja kwa moja tena. Siku ile ile Zambia na Tanzania nao wakatoka moja kwa moja.

Jioni mwalimu aliandika hesabu kwa mkaa juu ya ubao wa mtumbwi mkuukuu. Timu ikishinda hupata pointi tatu. Ikienda sare hupata moja. Ikishindwa haipati kitu. Moroko walikuwa wamewafunga Tanzania matatu kwa sifuri katika mchezo wa kwanza. Basi hesabu ilikuwa hivi:

Moroko, pointi 4.
Kongo, pointi 2.
Zambia, pointi 2.
Tanzania, pointi 1.

Kila timu ilikuwa imebakiwa na mchezo mmoja. Kongo wangecheza na Tanzania mjini Korhogo. Zambia wangecheza na Moroko saa ile ile.

Kijana mvuvi akatazama hesabu, akafanya hesabu yake mwenyewe. «Moroko wamewafunga Tanzania matatu. Sisi tumetoshana na Moroko. Basi na sisi tutawafunga Tanzania matatu.»

Mwalimu akasema: «Hapana, ndugu yangu. Mabao si kama vibaba vya mchele. Tena fikiri. Tanzania wana pointi moja. Wakitushinda watapata nne, nao watatupita. Hii ni mara yao ya tatu tu kufika katika mashindano haya, na hawajapata kushinda hata mchezo mmoja. Watu wa namna hiyo hucheza kufa na kupona.»

Mama mwuza samaki akaongeza: «Na chui mwenye njaa usimdharau, hata akikonda.»

Lakini kijana alikwisha kwenda kwa mchuuzi. Safari hii mchuuzi alikuwa ameerevuka. Akasema: «Vema, lakini leo tuitaje sare. Kongo wakishinda, mbuzi wako. Kongo wasiposhinda, kwa njia yo yote, wavu wangu.»

Wakaenda kwa mzee ili awashikie mali. Mzee akakataa. «Wavu ule ni chakula cha watoto. Mikono yangu haitaushika.» Wakaweka kwa mtu mwingine.

6. Furaha ya wengine

Jumatano, tarehe 24 Januari, saa nne ya usiku. Kongo walishambulia, Tanzania wakazuia. Tanzania walishambulia, Kongo wakazuia. Nusu ya kwanza ikaisha bila bao. Nusu ya pili ikaisha vile vile. Sifuri kwa sifuri.

Mara habari ikafika kutoka San-Pédro: Moroko wamewafunga Zambia moja kwa sifuri! Watu wakahesabu kwa vidole. Moroko pointi 7. Kongo pointi 3. Zambia 2. Tanzania 2. Kongo ni wa pili! Kongo wamepita!

Ngoma zikalia Nyangwe. Wanawake wakapiga vigelegele. Watoto walioamka usingizini wakakimbia huku na huku. Kongo hawakushinda mchezo hata mmoja, wala hawakushindwa hata mmoja. Sare tatu ziliwatosha.

Mtu mmoja tu alisimama kimya nyuma ya duka. Timu aliyoipenda ilikuwa imepita, naye alikuwa amepoteza wavu wake. Wote walioshangilia usiku ule hawakuwa wameweka kitu ila moyo wao. Yeye alikuwa ameweka sahani ya mama yake.

Asubuhi mchuuzi alikuja, akachukua wavu. Mama wa kijana hakupiga kelele. Aliuliza tu: «Mwanangu, leo utavua kwa nini?»

Swali lile lilimchoma kuliko matusi. Akaenda kwa mzee, akakaa chini, akasema: «Babu, nimekosa.»

Mzee hakumcheka. Akamwita mchuuzi. «Wavu ni wako, sikatai. Lakini wewe hujui kuvua. Wavu usioingia majini huliwa na panya. Umwazime huyu. Akivua samaki, nusu iwe yako, mpaka bei ya wavu itimie. Ndipo wavu urudi kwake.»

Mchuuzi akakubali, kwa maana naye alikuwa na watoto. Basi kijana akaanza kuvua kwa wavu uliokuwa wake, akitoa nusu kwa mtu mwingine. Kila alfajiri, alipowagawa samaki mafungu mawili, alikumbuka Korhogo. Madaftari ya dada yake yalinunuliwa yakiwa yamechelewa, tena machache.

7. Mchezo na Misri

Jumapili iliyofuata, tarehe 28 Januari, Kongo walikutana na Misri. Misri wamechukua kombe hili mara saba. Watu wa sokoni wakaanza tena: huyu anasema mbili kwa moja, yule anasema tumekwisha. Mtu mmoja akamwuliza kijana mvuvi, «Wewe unasemaje leo? Nani atashinda?»

Akajibu: «Atakayeshinda tutamwona. Nipishe nipate mahali pa kukaa.»

Usiku ule Meschack Elia alitangulia kuifungia Kongo. Misri wakasawazisha kwa penalti. Dakika 90 zikaisha, dakika 120 zikaisha, moja kwa moja. Wakaanza kupiga penalti, mmoja mmoja, mpaka zamu ikawafikia walinda lango wenyewe. Mlinda lango wa Misri akapiga, mpira ukagonga mwamba wa juu. Mlinda lango wa Kongo, Lionel Mpasi, akauweka mpira chini, akapiga, akafunga. Nane kwa saba!

Kijana mvuvi aliruka pamoja na wote. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa na mbuzi wa kudai, wala wavu wa kupoteza. Mama mwuza samaki alisema hajapata kumwona amefurahi hivyo.

Kongo walifika nusu fainali, wakafungwa moja kwa sifuri na Côte d'Ivoire, wakamaliza wa nne. Na hao Côte d'Ivoire, je? Katika kundi lao walikuwa wamefungwa na Nigeria, kisha wakafungwa mabao manne na Guinea ya Ikweta mbele ya watu wao. Walipita kwa shida, wakiwa wa tatu katika kundi lao. Tarehe 11 Februari waliwashinda Nigeria wale wale mbili kwa moja, wakachukua kombe. Algeria na Tunisia, waliotoka chungu cha kwanza, walikuwa wa mwisho katika makundi yao.

Watoto, kura hutuonyesha tutakutana na nani. Haituonyeshi tutafika wapi. Kukisia kunapendeza, tena kunafundisha hesabu. Lakini anayeweka chakula cha nyumba yake juu ya makisio, huwafanya wengine walipe mchezo ambao hawakucheza.

MASWALI

1. Kwa nini nchi 24 ziligawanywa katika vyungu vinne kabla ya kura?
2. Mwalimu alisema: «Chungu hutuambia habari za jana.» Maana yake nini?
3. Mwaka 1974 watu wa Nyangwe waliogopa nchi gani? Nchi gani iliwafunga mabao mengi zaidi?
4. Kijana alisema Kongo wataifunga Tanzania matatu. Onyesha kosa la hesabu yake.
5. Kongo walipata pointi ngapi katika michezo mitatu ya kundi? Kama wangeshinda mmoja na kushindwa miwili, wangepata ngapi?
6. Je, hukumu ya mzee juu ya wavu ilikuwa ya haki? Toa sababu.

KAZI: Chukueni vikapu vinne na vijiwe 24. Andikeni juu ya vijiwe majina ya vijiji mnavyovijua, sita katika kila kikapu. Pigeni kura ya makundi sita. Kabla ya kuanza, kila mtoto aandike kundi moja analolikisia. Mwishoni hesabuni wangapi walipata, na wangapi walikosa.